Balbu 315 au balbu 5: hesabu ya flashi moja

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Anashona mashati ya kitenge, na kwa kuwa hana fedha ya kumlipa mtu wa kuyavaa, anayavaa mwenyewe, anajipiga picha, kisha anawatumia wateja kwenye simu. Shida yake ni saa. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na yeye hufunga kazi saa 2 usiku. Mwezi uliopita alikuja kwangu na karatasi aliyoandikiwa dukani Kariakoo: flashi, triga, stendi, mwavuli, kishikio, betri na chaja. "Kaka, hivi vitu vinalipa?" Nilimwambia anipe siku tatu.

Kwanza maneno matatu, nisilazimike kuyarudia. Flashi ya pembeni ni flashi ile ile inayokaa juu ya kamera, ila imeondolewa pale na kusimamishwa kando ya anayepigwa picha, ili mwanga uje kwa pembe na uso upate kivuli chake. Stopu ni ngazi ya mwanga: ukipanda ngazi moja mwanga unakuwa mara mbili, ukishuka moja unabaki nusu. Namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi, nayo inakwenda kinyume na tulivyozoea: f/1.8 ni tundu kubwa, f/8 ni tundu dogo.

Sasa bei. Kwa kuwa zinapishana duka hadi duka, nimeanzia bei za kawaida za Marekani. Flashi ya kurekebishwa kwa mkono ni kama dola 65. Triga ya redio, yaani kifaa cha kuiambia flashi iwake kamera inapopiga, ni kama dola 60. Stendi, mwavuli na kishikio nimevikadiria dola 50 kwa pamoja, betri nne za kuchaji na chaja yake dola 25. Jumla dola 200. Nimechukua dola moja kwa shilingi 2,600, kisha nikaongeza 40% ya usafiri, kodi na faida ya mwenye duka. Kwa hesabu hiyo kila dola ya kule inatua hapa ikiwa shilingi 3,640, na karatasi nzima ya mdogo wangu inakuwa shilingi 728,000.

Hiyo 40% ni makisio yangu, na anayeijua bei ya kwake aweke ya kwake. VAT peke yake ni 18%. Nyongeza ikiwa 60% badala ya 40%, jumla inapanda hadi shilingi 832,000. Dola ikishuka hadi shilingi 2,400 na nyongeza ikabaki 40%, jumla ni 672,000. Kati ya namba hizo mbili kuna shilingi 160,000, fedha nyingi kwa mtu anayeishi kwa mashati. Hata hivyo nimezijaribu zote mbili kwenye hesabu zinazofuata, na hakuna mahali ambapo uamuzi uligeuka.

Tazama jinsi jumla hiyo inavyogawanyika. Flashi yenyewe ni 32.5% ya gharama. Triga, ambayo haitoi mwanga wowote, ni 30%. Stendi, mwavuli na kishikio ni 25%, betri na chaja 12.5%. Mtu anadhani ananunua taa, kumbe kati ya kila shilingi 100 anazotoa, taa inachukua 32 na nusu. Zinazobaki zinakwenda kwenye vitu vya kuishika, kuilisha na kuiita.

Na hicho cha kuiita ndicho cha kwanza kukatwa. Flashi nyingi za bei hii zina jicho: zikiona flashi nyingine ikiwaka, nazo zinawaka papo hapo. Kamera ya mdogo wangu, ya mtumba, ina flashi ndogo ya kuchomoza juu ya lenzi. Ikiwekwa kwenye nguvu ya chini kabisa, inatosha kuiamsha ile kubwa bila kuuharibu uso. Njia hii haifai uwanjani juani, kwa sababu jicho linazidiwa, lakini katika chumba cha mita 3 kwa 3 na nusu chenye kuta nyeupe inafanya kazi vizuri. Akiba ni shilingi 218,400. Stendi na kishikio navyo tulivibadilisha kwa kiti cha mbao na mti wa ufagio uliofungwa kwa kamba ya mpira. Unabaki na flashi, mwavuli wa dola 12 na betri: dola 102, sawa na shilingi 371,280. Ni 51% ya bei ya awali, na mwanga unaofika usoni haujapungua hata chembe.

Mwanga unaofika usoni ni kiasi gani? Kwenye boksi la flashi ya namna hii pameandikwa 60. Hiyo ni namba elekezi: umbali kwa mita ukizidishwa na namba ya f, kwa ISO 100 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga). Ukiisoma ilivyo, kwa mita 1 ungepiga kwa f/60, mwanga wa kutisha. Lakini 60 hupimwa kioo cha flashi kikiwa kimebana mwanga hadi mwisho, kwa lenzi ya milimita 200, bila chochote mbele yake. Mwavuli hautaki mwanga uliobanwa. Unataka uliotanuka uujaze. Canon 600EX-RT, ambayo jedwali lake limechapishwa na watengenezaji wenyewe, ina namba 60 kwa milimita 200, 36 kwa milimita 35 na 28 kwa milimita 24. Flashi ni ile ile na nguvu ni ile ile, ila 60 imekuwa 28.

Halafu kitambaa cha mwavuli nacho kinakula. Nimekadiria stopu 2, ambazo zinaikata namba elekezi nusu: 14. Kwa hiyo uso ulio mita 1 kutoka kwenye mwavuli unapata mwanga wa f/14 kwa nguvu kamili, si f/60. Kwa kuwa mwanga huenda kwa kipeo cha pili cha namba hizi, gawa 60 kwa 14, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata 18.4. Yaani kati ya kila sehemu 100 za mwanga ulioandikwa kwenye boksi, zinazofika usoni ni 5.4. Watengenezaji hawajadanganya, maana masharti ya kipimo yamo kwenye kitabu chao. Ila mnunuzi analipia 60 na kutumia 14, na ni haki yake kulijua hilo kabla hajatoa fedha.

Kinachonunuliwa kwa hasara hiyo ni ukubwa. Kioo cha flashi kina sentimita 4 kwa 7 hivi, eneo la sentimita za mraba 28. Mwavuli wa kipenyo cha sentimita 100 una eneo la 7,854, mara 280. Chanzo kidogo kinachora kivuli chenye ukingo mkali chini ya pua, na kwenye ngozi nyeusi kinaacha vidoa vyeupe vya kung'aa. Chanzo kikubwa kinauvika uso mng'ao mpana unaofuata mfupa wa shavu. Kwa jicho langu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika picha ya usiku, na bei yake ni shilingi 43,680 za mwavuli.

Ukubwa huo lakini unategemea umbali. Sogeza mwavuli kutoka mita 1 hadi mita 2: machoni pa uso eneo lake linakuwa robo, na mwanga nao unakuwa robo, stopu 2 chini. Picha iliyohitaji robo ya nguvu ya flashi sasa inahitaji nguvu yote. Wengi wakifika hapo wanafikiria flashi kubwa zaidi. Godox V1, ya saizi ya kukaa juu ya kamera, huhifadhi jouli 76. AD200 ya kampuni hiyo hiyo huhifadhi 200. Hiyo ni mara 2.6, kama stopu 1.4. Kuiacha flashi ya dola 65 na kuchukua AD200 ya kama dola 300 ni nyongeza ya shilingi 855,400, na hapo nimeihesabu ile ya dola 65 kuwa na jouli 76 kama V1, ukarimu kidogo. Kila stopu moja inakugharimu shilingi 611,000. Kuurudisha mwavuli mita 1 kunakupa stopu 2 kwa kuburuta kiti.

Ukuta nao unafuata hesabu hiyo. Uso ukiwa mita 1 mbele ya ukuta mweupe na mwavuli mita 1 kutoka usoni, ukuta uko mita 2 kutoka kwenye mwanga na unapata 25% ya unachopata uso: unaonekana kijivu. Mwavuli ukisogezwa hadi nusu mita, ukuta unapata 11%, kijivu kilichokolea. Ukirudishwa mita 2, ukuta unapata 44% na unaanza kuwa mweupe. Ukuta mmoja umetoa rangi tatu bila kitambaa cha nyuma. Nakiri kwamba hesabu hii ni ya chanzo kidogo kisichokuwa na kuta karibu. Mwavuli wa mita nzima ukiwa nusu mita hauishiki sawasawa, na chumba kidogo kinarudisha mwanga kutoka kila upande. Chukua namba hizo kama mwelekeo.

Karatasi ya Kariakoo ilipendekeza pia flashi inayojipimia mwanga yenyewe, ya kama dola 120. Tofauti ni dola 55, shilingi 200,200. Nilimwambia aachane nayo. Flashi inayojipimia inafaa pale umbali unapobadilika kila dakika, kama harusini. Anayejipiga picha amekaa pale pale. Isitoshe, inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, hivyo shati jeupe na shati la bluu iliyokolea vitaipa majibu mawili, na uso mmoja utatoka na weusi wa aina mbili. Kwa mtu anayeuza mashati kumi yaliyopangwa kwenye ukurasa mmoja, hilo ni kosa. Flashi ya mkono ikishawekwa robo, inabaki robo hadi shati la mwisho.

Robo ya jouli 76 ni jouli 19. Tuseme kikao kimoja kina fremu 60: jouli 1,140. Kuna upotevu ndani ya flashi, nao unaweza kukadiriwa kwa namba za watengenezaji. Betri ya V1 ni ya volti 7.2 na miliampia-saa 2,600, yaani jouli 67,392, na wanasema inatoa miwako 480 ya nguvu kamili. Kila mwako unachota jouli 140 kwenye betri ili kuhifadhi 76, ufanisi wa 54%. Kwa hiyo kikao chetu kinachota jouli 2,111, au wati-saa 0.59. Balbu ya LED ya wati 9 ingetumia umeme huo kwa dakika 4.

Kwa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, uniti moja kwa mteja wa kawaida wa majumbani ni shilingi 292. Ongeza VAT 18%, tozo ya REA 3% na ya EWURA 1%, unapata 356. Mwanga wa kikao kizima cha fremu 60 unagharimu senti 21. Hata ukihesabu upotevu wa chaja haufiki senti 50. Betri zenyewe, za shilingi 54,600 kwa nne, nikizipa uhai wa kuchajiwa mara 500, zinachakaa kwa shilingi 109 kila kikao. Betri za kutupa za shilingi 1,500 moja, nne zikidumu vikao vitatu, ni shilingi 2,000 kwa kikao, karibu mara 18. Hili ndilo eneo pekee kwenye orodha ambalo kununua cha bei ya juu kunajirudisha haraka.

Hapa mdogo wangu aliuliza swali lililonipa kazi kuliko yote. Kama mwanga wenyewe ni wa senti 21, kwa nini asitumie balbu za kawaida?

Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi. Zikitawanywa pande zote, kwa mita 1 uso unapata luksi 64. Kwa ISO 100 na f/7.1, tundu ambalo flashi yenye mwavuli inaliruhusu kwa robo ya nguvu, kamera inahitaji kufungua shata, yaani pazia lake, kwa sekunde 1.97. Flashi inapiga na shata ya sekunde 1/160. Gawa: ili kupata picha ile ile unahitaji balbu 315, wati 2,835 kwa jumla. Nilishangaa, nikaijaribu hesabu kutoka upande mwingine. Wati 2,835 kwa muda wa sekunde 1/160 ni jouli 17.7. Flashi kwenye robo ni jouli 19. Namba kukaribiana hivyo kuna bahati ndani yake, kwa kuwa balbu hizi nimezihesabu bila kiakisi na flashi iko nyuma ya kitambaa, lakini ukubwa wa jambo ni huo. Flashi haina umeme mwingi kuliko balbu. Inaukusanya polepole kwenye kapasita, kisha inaumwaga wote kwa sekunde kama 1/1000. Kwa kitambo hicho jouli 19 ni sawa na wati 19,000.

Ndiyo maana taa ya chumbani anaweza kuiacha ikiwaka. Mchango wake kwenye picha ni sehemu moja kati ya 315 au pungufu, chini ya 0.4%.

Namba 315 inavutia, na ningeweza kuishia hapo nikamwambia anunue flashi. Lakini imesimama juu ya masharti mawili niliyoyaweka mimi mwenyewe, na ni lazima yaguswe. Nani kasema shata iwe 1/160? Mtu aliyesimama akatulia anapigika kwa 1/40. Balbu zinashuka kutoka 315 hadi 79. Nani kasema ISO iwe 100? Kamera ya miaka kumi iliyopita inavumilia ISO 1600 kwa picha ya kuonekana kwenye simu. Hiyo ni mara 16, na balbu 79 zinakuwa 5. Balbu 5 kwa shilingi 4,000 ni shilingi 20,000. Ubao, soketi na waya nimeweka shilingi 15,000. Jumla 35,000, sawa na 4.8% ya karatasi ya Kariakoo. Umeme wa wati 45 kwa dakika 40 ni shilingi 10.70.

Enzi za mwanzo za upigaji picha hapakuwa na uchaguzi huo. Robert Cornelius wa Philadelphia, ambaye familia yake ilitengeneza taa, alijipiga picha mwaka 1839, na taa zao hazikumfaa kitu: ilibidi atoke nje kwenye jua, atulie mbele ya kamera. Mwanga wa kutosha ulikuwa juani tu. Leo balbu 5 za dukani zinatosha.

Zinatosha kwa kipi, basi? Katika kujipiga picha nguvu ya mwanga kwanza inanunua sentimita. Huwezi kukaa kwenye kiti na wakati huo huo kuangalia kwenye kamera kama jicho limekamatwa. Tulipojaribu, ufagio mwingine ulisimama mahali pa mdogo wangu, ukiwa umevalishwa kofia yake ya kiua, na mimi nikalenga pale ukingo wa kofia unapogusa mti. Kisha akautoa ufagio, akakaa, akajaribu kurudisha paji la uso lake palepale. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye sensa ya saizi ya kati, kutoka mita 1.5, f/1.8 inakupa kina cha sentimita 6.5 tu ambamo kitu kinaonekana kikali. Kichwa kikisogea upana wa vidole vitatu, jicho limepotea. Kwa f/7.1 kina kinakuwa sentimita 26, na kosa lake lote linamezwa humo. Niliona kwenye skrini nyuzi za uzi mweupe kwenye kola, moja moja, na kope pia. Lakini sentimita hizo 26 ni za f/7.1, si za flashi. Balbu 5 zinazileta zile zile.

Kinachobaki kwa flashi ni mambo mawili. La kwanza ni mwendo. Mkono unaosogea mita 1 kwa sekunde unahama sentimita 2.5 katika 1/40, na milimita 1 katika 1/1000. Shati likining'inia mwilini, hakuna tofauti. Mdogo wangu akizunguka ili pindo la kanzu lifunguke, balbu zinampa ukungu, flashi inampa pindo.

La pili ni rangi, na kwa muuza kitenge hili si dogo. Balbu nyingi za bei ya chini zina kipimo cha uaminifu wa rangi cha 80 hivi kati ya 100, na udhaifu wao mkubwa uko kwenye wekundu, ambao ndio uhai wa ngozi yetu na wa nusu ya vitenge vya dukani. Mwanga wa flashi unakaribia wa mchana na una rangi zote. Zaidi ya hayo, umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo baadhi ya balbu hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kwa shata ya haraka fremu mbili zinaweza kutoka na mwanga tofauti. Na lipo sharti jingine nililolinyamazia: balbu 5 zikiwa wazi zina vivuli vikali. Ukizitandazia shuka jeupe mbele, angalau nusu ya mwanga inaliwa, na balbu 5 zinakuwa 10, au ISO inakuwa 3200.

Kuna gharama moja haipo kwenye karatasi yoyote: kwenda na kurudi. Kwa taima ya kamera ya sekunde 10, kubonyeza, kutembea, kukaa, kungoja, kurudi na kutazama ni kama sekunde 40 kwa fremu. Fremu 60 ni dakika 40. Kwa rimoti, sekunde 8 kwa fremu, na kuinuka kutazama mara 12 kwa sekunde 30 kila mara, jumla ni dakika 14. Anaokoa dakika 26. Saa yake moja ya kazi tukiipa shilingi 3,000, ni shilingi 1,300 kwa kikao, na rimoti ya shilingi 26,000 inajilipa kwa vikao 20. Ajabu ni kwamba hakuna aliyemwandikia rimoti.

Sasa lile swali lake la kulipa. Hesabu ya kawaida ya wauzaji ni hii: studio ya mtaani inamtoza shilingi 20,000 kwa kikao, nauli ikiwemo, akijipiga mara 40 kwa mwaka ameokoa 800,000, vifaa vya 728,000 vimelipwa kabla ya Desemba. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Mdogo wangu hajawahi kwenda studio mara 40. Mwaka jana alikwenda mara 6. Angeokoa kweli shilingi 120,000 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho seti ya 728,000 inarudi baada ya miaka 6, ile ya 371,280 baada ya miaka 3, na balbu za 35,000 baada ya miezi mitatu na nusu. Vikao 34 vinavyobaki haviokoi kitu chochote. Vina thamani ikiwa tu vinauza mashati.

Nimemfikiria sana mpiga picha Samuel Fosso katika hili. Alifungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975, akiwa na miaka 13. Jioni, wateja wakiisha na filamu ikabaki na fremu chache, alizimaliza kwa kujipiga mwenyewe, ili aitumie familia yake Nigeria. Picha hizo leo zimo kwenye majumba ya makumbusho. Kihesabu, gharama yake ilikuwa karibu na sifuri: studio, taa na filamu vilikuwa vimeshalipiwa na wateja wa mchana. Mdogo wangu yuko upande wa pili. Anataka kununua taa kwanza, kisha picha zimletee wateja.

Kwa hiyo nilibadilisha kipimo, nikaacha shilingi nikatumia mashati. Shati moja, akishatoa kitambaa, vifungo, uzi na umeme, linambakizia shilingi 8,000. Balbu na ubao wake ni mashati 5 ya ziada, yaani mashati ambayo yasingeuzwa bila picha. Flashi yenye mwavuli na mti wa ufagio ni mashati 47. Karatasi nzima ya Kariakoo ni mashati 91. Kwa vikao 40 kwa mwaka, flashi inahitaji kila kikao kiuze shati 1.2 la ziada ili ijirudishe ndani ya miezi 12. Seti nzima inahitaji 2.3. Neno "ziada" ndilo gumu kulipima, maana mteja hasemi alivutwa na picha au na mjomba wake aliyevaa shati hilo msikitini.

Nilimsomea namba hizo jioni, akiwa na futi shingoni. Alizirudia: 5, 47, 91. Kisha akachukua ubao wa kabati bovu, akaupima sentimita 60, akatia alama tano za chaki zenye nafasi sawa. Kwenye daftari la oda amechora mstari wima kulia mwa ukurasa, na kila mteja anayetaja picha anawekewa alama pale. Jana alama zilikuwa tatu. Akifika 47, tutakwenda wote Kariakoo.